Goti Jipya na Mama Mkwe

Jumatano, 4 Machi

Goti limegoma. Mimi sijagoma, naomba ieleweke hivyo. Mimi niko tayari kwa lolote isipokuwa maumivu.

Goti lenyewe ni la kulia, jipya kabisa, chuma na plastiki. La zamani lilisagika kwa miaka ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu nikiwafungia makabati. Upasuaji ulikwenda vizuri, kila mtu alisema hivyo, hata mimi nilisema. Halafu kidonda kikavimba, kikawa chekundu, kikatunga usaha. Nikarudishwa chumba kile kile cha upasuaji, wakafungua, wakaosha, wakafunga tena. Baada ya hapo nikalala wee, mguu umenyooka kama ubao uliotoka kwenye randa. Sasa kidonda kimekauka vizuri, lakini mguu umeshauzoea unyoofu. Haukunjiki.

Leo kliniki. Mama wa mazoezi ya viungo, ambaye mimi namwita Kamishna (moyoni), aliniwekea kile kipimo chake cha plastiki chenye mikono miwili. Nyuzi sabini. Daktari anataka tisini. Akaniambia Ijumaa ya wiki ijayo daktari mwenyewe ataniona, na nikiwa sijafika tisini nitapigwa nusu kaputi nikakunjwe kwa nguvu. Alisema "ukakunjwe" hivi hivi, kama anazungumzia shati!

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kipimo chake kibovu. Mimi ni seremala. Pembe ndizo zimenilisha tangu ujana. Nikatoa skwea yangu ya chuma, ya kupimia nyuzi tisini, kwenye mfuko wa koti, niliibeba makusudi, nikaibandika gotini mbele ya wagonjwa wote. Pengo lililobaki lingepitisha paka. Kamishna akaniuliza kwa upole kama huwa nafunga milango ya watu hivyo.

Mhasibu alikuwepo, akicheka. Huyu ni mgonjwa mwenzangu, tulipasuliwa magoti asubuhi moja, yeye akapata kitanda cha dirishani. Wala hakupata usaha. Leo amekuja bila gongo, akakaa, akapachika mguu juu ya mguu. Hakuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo. Benchi lilikuwa pana.

Chumba kile sirudi. Mara ya kwanza waliniambia nitalala, nitaamka, na mambo yatakuwa yamekwisha. Niliamka ndiyo kwanza yanaanza. Nimeshaandika, basi, sitaandika tena.

Alhamisi, 5 Machi

Nimehama kitandani kwenda kwenye kiti, kitini kwenda mlangoni, mlangoni kurudi kitini. Nimesoma gazeti lote, nikasoma na zabuni. Nimelirudia.

Karakana iko uani, hatua chache tu kutoka dirisha la sebuleni, na mimi siruhusiwi kukanyaga huko kwa sababu ya vumbi na mabaki ya mbao. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye anayeshikilia kazi. Nasikia kila kitu. Leo nimesikia nyundo. Nyundo! Kwenye kabati ambalo mimi mwenyewe nilianza kulichongea ulimi na tundu, likae bila msumari hata mmoja. Nikafungua dirisha, nikamuuliza anagongea nini. Akajibu hakuna, ananyoosha tu. Msumari haunyooshi kitu, shemeji.

Mazoezi. Nakaa kwenye kiti kigumu cha sebuleni, nimevua suruali, kaptula tu, mke wangu ananivutia kisigino nyuma kwa kitambaa. Nilianza kulia mapema ili kuokoa muda. Mke wangu akaniambia, "Fundi, hata sijagusa." Ananiita Fundi akiwa amenichoka. Akiwa hajanichoka ananiita Fundi pia, ila sauti inakuwa nyingine.

Nikaomba kwenda chooni. Nikaomba maji. Nikaomba kwenda tena chooni kwa sababu ya maji. Mwishowe tukavuta mara chache nikaona nyota mchana kweupe.

Ndipo wazo likaja. Safi! Sijui kwa nini halikunijia siku zote hizi. Nyumba yetu ni ndogo, kiti kigumu kiko sebuleni, na hakuna mwanamume mwenye adabu zake anayeweza kunyoosha paja wazi mbele ya mama mkwe wake. Mama mkwe akiwa sebuleni, mazoezi hayafanyiki. Si kwamba nimekataa. Ni heshima!

Nimempigia simu mwenyewe. Nikamwambia tumemkumbuka sana, aje apumzike kwetu siku mbili tatu. Akauliza nani amekufa.

Jumamosi, 7 Machi

Mama mkwe amefika. Mkoba wake si wa siku tatu.

Shikamoo mama, marahaba baba, goti linasemaje, goti halijambo mama. Akapewa kile kiti chenye mto, yaani kiti changu, akatulia humo kama aliyezaliwa nacho. Muda wa mazoezi ulipofika nikamvuta mke wangu pembeni, nikamweleza kwa huzuni kubwa kwamba leo, kwa bahati mbaya, itabidi tumsitiri mama. Mke wangu akanitazama. Akaendelea kunitazama. Akaenda zake jikoni.

Ushindi! Siku nzima bila kuvutwa.

Dosari ndogo. Kumbe mama akiwepo mguu nao hauwezi kunyooshwa ovyo. Huwezi kumwelekezea mkwe wako unyayo. Nimekaa siku nzima nimevaa suruali ndefu na shati limefungwa vifungo hadi kooni, mguu nimeuelekeza mlangoni. Kila aliyeingia amejikwaa. Shemeji alijikwaa mara mbili, akatukana mara moja, akamwona mama yake, akasema alikuwa anaongea na mguu.

Siwezi kulala kochini. Siwezi kupiga miayo. Siwezi kupiga kelele dirishani kuhusu misumari, maana anayeigonga ni mwanawe. Nimekaa kama napigwa picha ya pasipoti tangu saa nne.

Jumapili, 8 Machi

Msaliti ni mke wangu.

Mama mkwe aliuliza, kwa wema tu, mazoezi yangu hufanyika saa ngapi. Mke wangu akamweleza kila kitu, habari ya paja na habari ya heshima. Mama mkwe akaguswa sana. Akasema siku hizi wakwe wenye haya wamekwisha, yeye alikuwa anadhani binti yake ameolewa na mtu asiyejali, kumbe sivyo. Nilianza kufurahi. Akaomba shuka na misumari.

Shemeji akaja na nyundo yake, amefurahi huyo! Akagonga huku, akagonga kule, akafunga kamba kukatiza sebule, shuka likatundikwa. Mimi na mke wangu na kiti kigumu upande huu. Mama mkwe na kiti chenye mto upande ule. Akasema sasa hanioni, niwe huru kabisa, yeye atasaidia kuhesabu.

Nimehesabiwa na watu wengi maishani mwangu. Hakuna kama huyu. Kumi ya mama mkwe ni ndefu kuliko kumi ya watu wengine. Anafika saba, anakumbuka mke wangu alipokuwa mdogo alivyomeza kifungo, anasimulia, mguu wangu uko hewani umevutwa, anamaliza kifungo, anauliza tulikuwa wapi, mke wangu anasema tano. Nikiguna anaanza upya, eti mguno umempoteza.

Na siwezi kulia! Mwanamume atalia vipi mbele ya mama mkwe, hata kama kuna shuka? Nimeuma taulo. Kuna pahali taulo limetoboka.

Tulipomaliza akaniambia kupitia shuka kwamba kesho asubuhi na jioni.

Jumatatu, 9 Machi

Nimelala nikifikiri, nimeamka nikifikiri. Ijumaa inakuja. Skwea inasema pengo limepungua kidogo, sasa paka apite akiwa amebana pumzi. Haitoshi.

Ila mimi ni seremala. Ubao ukiwa mfupi seremala halii, anaongeza kipande.

Mpango: kabari. Nikikaa, mguu wangu unabaki umechomoza mbele badala ya kushuka wima. Kwa hiyo nafunga kabari la plaiwudi nyuma ya muundi, linajaza pale panapokosekana, juu yake navaa suruali pana. Anayetazama kwa ubavuni anaona mguu umeshuka wima kabisa. Nitasema nasikia baridi, wapime juu ya suruali. Rahisi mno. Naona haya kwa jinsi ilivyo rahisi.

Shemeji alitaka kujua plaiwudi ni ya nini. Nikasema ya kupumzishia mguu. Hakuamini. Tukakubaliana kwamba atanipa plaiwudi, kamba, na suruali yake ile pana ya harusini, na mimi mwezi huu wote sitataja neno msumari. Bei kali. Nikakubali.

Mama mkwe alipolala mchana nikalichonga kwenye meza ya jikoni. Jamani! Tangu upasuaji sikuwa nimeshika msasa. Mikono ilinitulia. Nilisahau goti kabisa. Nikapiga msasa mnene, nikapiga msasa laini, nikalizungusha kona zisinichune, mwishoni nikapaka vanishi, ambayo haikuwa na kazi yoyote pale. Ni kabari zuri kuliko makabati mengine niliyowahi kuuza.

Mke wangu aliingia akakuta vumbi la mbao kwenye unga wake. Nikasema ni shemeji.

Jumanne, 10 Machi

Siku mbaya.

Mama mkwe alitoka kwenda kumsalimu jirani. Mke wangu jikoni. Sebule yangu peke yangu! Nikalisogeza shuka, nikavua suruali kwa joto lile, nikabaki na kaptula, nikajitupa kwenye kiti chenye mto. Mguu nikaupandisha juu ya meza. Bakuli lake la karanga nikaliweka tumboni. Nikafumba macho. Hivi ndivyo binadamu alivyokusudiwa kuishi.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe. Amesahau miwani.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri hata chembe. Mguu ulishuka mezani ukajikunja chini ya kiti wenyewe, karanga zikaruka, nikabandika mto mapajani, na ndani ya goti kitu kikasema ta! kama kijiti kilichokatika. Sauti iliyonitoka siijui. Mbwa wa jirani aliijibu.

Nikasema, shikamoo mama. Akasema marahaba. Akachukua miwani juu ya redio, akasema karanga hizo zilikuwa na chumvi kidogo, akatoka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa anatazama uso wangu. Alikuwa anatazama mguu.

Goti likavimba. Nikaulizia kioo, nikakagua kidonda huku na huku kama kimeanza tena kuwa chekundu. Mke wangu akampigia simu Kamishna. Akauliza kama nina homa, kama kuna wekundu, kama naweza kukanyaga. Homa hakuna, wekundu hakuna, kukanyaga naweza. Akasema barafu, mguu uwe juu, jioni mazoezi yaendelee taratibu, na akauliza nilifanya nini. Mke wangu akasema nilimsalimu mama.

Jumatano, 11 Machi

Uvimbe umepungua. Homa hakuna. Nimejipima mara nyingi mpaka mke wangu amenificha kipimajoto.

Lakini goti limerudi kwenye ubishi wake. Asubuhi tulivuta, mama akahesabu, halikwenda popote. Kadiri ninavyoliwaza ndivyo linavyojifunga. Nimezunguka nyumba na magongo yanayolia kwi kwi. Nimesimama dirishani nikamwangalia shemeji anavyopigilia anachopigilia. Sikusema neno. Nilikuwa nimeahidi. Nilishika kizingiti mpaka vidole vikaniuma.

Jioni mke wangu alikaa na mimi kitandani akaniuliza, bila mzaha, kama ni chumba kile ninachokiogopa. Nikasema hapana, naogopa uji wao. Hakucheka, wala hakubisha. Akaniambia kwamba mara zote mbili alikaa nje ya mlango ule kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Lilikuwa linayumba kila akijigeuza. Mara ya pili, nilipochelewa kutoka, alikunja karatasi akalitilia chini. Akawaza, Fundi akiwa mzima angelitengeneza hili bila kuombwa.

Nikamuuliza ni mguu upi. Wa kushoto, nyuma.

Nitawatengenezea. Nikitoka kwenye haya.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika haraka kabla hawajaanza kunisimulia vingine.

Gari lilikuja asubuhi. Mama mkwe akasema anakuja. Nikasema atachoka. Akasema amechoka kukaa. Nikapanda kiti cha mbele nimevaa suruali ya shemeji, kabari limefungwa kwa kamba mbili, natembea kama mtu aliyeiba kiti.

Nje ya chumba cha daktari, nani? Mhasibu. Nikakaa, nikauachia mguu ushuke wima chini ya suruali. Akautazama. Akaniamkia upya, akasema hongera, kumbe tumelingana. Hata kama nisingepata kingine leo, hicho ningebaki nacho.

Ndani. Daktari, Kamishna, mke wangu kwenye kona. Mama mkwe akabaki nje kwenye benchi. Nikapandishwa kwenye kitanda cha kupimia, nikakaa ukingoni, nikanyoosha mgongo. Daktari alikuwa bado mlangoni, akanitazama kwa ubavu, akasema, oo, vizuri sana hii! Nikasema tumejitahidi. Nikasema pia nasikia baridi.

Kamishna akainama, akashika nyuma ya muundi. Akabonyeza. Akagonga, ko, ko. Akatulia, akagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua fika kuna watu ndani. Akaniomba nivue suruali.

Kabari likawekwa juu ya meza ya daktari. Daktari akaligeuza, akapitisha kidole, akauliza msasa huu nimepiga mwenyewe? Nikasema ndiyo. Sitaki uongo, nilifurahi.

Halafu wakanipima kama nilivyo, na kaptula. Sabini na kitu. Kamishna akaniambia nilegeze mwili. Nikalegeza kila kitu, masikio nililegeza, goti likakataa. Akavuta taratibu, likakataa. Mguu ulikuwa umechomoza mbele ya watu kama bunduki. Daktari akavuta kalenda yake, akasema atatafuta nafasi wiki ijayo, ni jambo la dakika chache tu, nitalala, nitaamka, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Yale yale maneno! Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja.

Mke wangu akasimama. Akamwambia Kamishna ashike kipimo chake, akiweke pale pale gotini, asikitoe. Kamishna akamtazama, akakishika. Mke wangu akafungua mlango akasema, "Mama, hebu ingia."

Mama mkwe akaingia.

Mimi juu ya kitanda, mapaja nje yote mawili, unyayo umemwelekea yeye moja kwa moja. Kutoka mlangoni hadi kwenye unyayo wangu palikuwa na nafasi ya kupitisha kiti. Mguu haukuniuliza. Ulirudi nyuma ukaingia chini ya kitanda kama kobe anavyoingiza kichwa. Nikavuta shuka la hospitali, nikajifunika, nikasema, "Shikamoo mama!" kwa sauti ambayo sijaitumia tangu shule ya msingi.

Mama mkwe akasema marahaba baba, akageukia ukutani upesi, akaanza kulisoma kwa sauti bango la kunawa mikono, tuelewe kwamba haoni kitu.

Kamishna alikuwa ameinama. Akasema, tisini na nne. Daktari akataka aone mwenyewe. Akaona. Akaifunga kalenda.

Nililia. Naandika hapa kwamba ni maumivu, na atakayesoma aelewe hivyo. Mke wangu alinishika bega, akaniita Fundi, kwa ile sauti nyingine.

Mama mkwe alipofika kwenye hatua ya kukausha vidole akauliza kama anaweza kugeuka.

Daktari alisema chumba cha upasuaji sasa tukisahau, mradi nisiache mazoezi hata siku moja, kwa sababu kovu likipata nafasi litakaza tena. Alirudia mara mbili. Kamishna akarudia mara ya tatu, amenikazia macho. Kabari wamebaki nalo. Daktari anazuilia mlango.

Wakati wa kutoka tulipita nje ya chumba kile, nikalikagua benchi la mke wangu. Mguu wa kushoto, nyuma. Karatasi bado ipo chini yake.

Jumapili, 15 Machi

Nimekaa nikachambua mafanikio yangu kwa utulivu. Wengi nyumbani humu wanadai ni mazoezi, wengine wanadai ni mama. Wanakosea. Ni kabari. Lilikuwa limebana msuli kwa nyuma tangu asubuhi, msuli ukapata joto, ulipoachiliwa ukafunguka. Hilo fundi mbao yeyote analielewa. Nimemwambia shemeji tufikirie kuyatengeneza ya kuuza. Akauliza tuyapigilie au tuyagandishe kwa gundi. Nikatoka sebuleni.

Mama mkwe ametangaza haondoki mpaka mazoezi yaishe. Kiti chenye mto sasa ni chake, amekitandikia kitambaa. Shuka limebaki limetundikwa. Asubuhi na jioni anahesabu, na jana amegundua kwamba ishirini zinawezekana. Mke wangu amemeza vifungo vinne mpaka sasa.

Leo Jumapili. Nadhani goti lililofika tisini na nne linastahili kupumzika walau siku moja. Nikamwambia mke wangu. Akasema nimwambie mama. Nikamwambia mama. Akasema tutaanza na kumi, tuone.

Lakini nimeshapata dawa yake. Mama mkwe ana dada yake mkubwa, anayempenda kuliko watu wote, na wakikutana wanaongea kuanzia kifungua kinywa hadi kuzima taa. Dada akiwepo mama hatakuwa na nafasi ya kuhesabu hata mbili. Na kukunja goti mbele ya mama wakwe wawili haiwezekani kabisa, shuka haliwatoshi. Nashangaa kwa nini sikuiwaza mapema.

Nimempigia simu mwenyewe sasa hivi. Nikamwambia tumemkumbuka sana.

Akauliza nani amekufa.

Anafika kesho. Ameuliza kama shuka tunalo au aje na lake.